Nyanya Chungu Upande wa Bira

Kijiwe chetu hakina paa wala jina. Ni mataruma mawili ya reli, mbao nyeusi zinazonuka mafuta hadi leo, yamelazwa yakitazamana nyuma ya karakana za treni hapa Thiès, na katikati yake ni birika la kahawa la Talla. Ukikaa taruma la ukutani unakuwa kivulini mpaka alasiri, na mbele yako ng'ambo ya barabara unaiona nyumba ya Gora Diop, ngazi yake ya nje, na nguo zinazokauka ghorofani. Ukikaa taruma la pili unaipa nyumba hiyo mgongo na jua linakupiga kisogoni. Hapo ndipo taifa huendeshwa kila asubuhi mpaka saa ya chakula cha mchana, na huendeshwa vibaya sawasawa na kule Dakar, ila sisi hatuna magari ya serikali.

Kahawa ya Talla Ndiaye ina viungo vya kuchoma koo. Fundi cherehani Mbaye tunamwita Redio, kwa sababu kinachoingia sikioni mwake asubuhi kinatoka mdomoni kabla ya kahawa ya pili. Bira Faye ni Ukuta, alikuwa mwanamieleka, umri wake na wa Gora ni mmoja lakini anachuchumaa na kuinuka kama ndama. Gora mwenyewe ni Injini, na sisi wadogo kwake humwita Tonton, yaani mjomba. Aliendesha treni mpaka treni zikaisha, sasa ana pensheni na wake wawili. Mimi wananiita Masta. Nina masta ya kemia, sina kazi, sina hata nusu ya mke, na wivu wangu siufichi, nimeukalia hapa hapa kwenye taruma pamoja na wengine.

Siku hiyo Gora alikuja na bakora. Hatukuwahi kumwona na bakora. Akaiegemeza kwenye taruma la pili, akakaa polepole, mgongo kwa nyumba yake, akashika goti la kulia kama mtu anayeshika redio isiyokamata stesheni.

— Nimeamua, akasema. Kuanzia leo zamu zote nahamia kwa Ndèye Astou. Juu siendi tena.

Ndèye Astou ni mke mdogo, anakaa chini, mlango wake unaangalia barabara. Yaay Coumba, yaani Mama Coumba, ni mke mkubwa, anakaa ghorofani. Zamani alikaa chini yeye. Astou alipoolewa Gora akampandisha Coumba juu, akasema juu kuna upepo. Tangu hapo ni siku mbili kwa huyu, siku mbili kwa yule, na leo ilikuwa zamu ya Yaay Coumba kuanza.

— Zamu zote? akauliza Bira. Na Coumba je?

— Coumba sina ugomvi naye. Ugomvi ni na nyanya zake.

— Nyanya gani?

— Nyanya zote. Nyanya yenyewe, ya kopo, nyanya chungu, bilinganya, pilipili, viazi. Ukoo mzima ule. Vinakula magoti. Muulize Redio.

Redio alikuwa ameshanyoosha shingo zamani.

— Si maneno yangu. Ni ya Docta Ablaye Sarr, kipindi cha afya. Mboga za jamii ya mnavu zina sumu. Sumu inashuka, maana mwilini kila kitu kinashuka. Inafika gotini, inakuta kona, inakwama. Hapo ndipo baridi yabisi inapozaliwa.

— Kona, nikasema.

— Kwani goti si kona?

Kuhusu huyo Docta Ablaye Sarr nitasema kidogo tu, nisije nikamwaga kahawa ya watu. Tulikaa dawati moja chuo kikuu. Alikuwa ananakili kwangu, tena ananakili vibaya. Mimi nikapata masta. Yeye akapata shati jeupe, kipindi cha redio, na unga wa kijani anaouza kwa chupa. Wanawake wa mikoa yote humpigia simu hewani kumshukuru kwa ajili ya viungo vyao. Mimi hakuna aliyewahi kunishukuru hata kwa kidole cha mguu.

— Huyo docta si docta, nikasema. Sumu ipo, ndiyo, inaitwa solanini. Iko kwenye majani, iko kwenye kiazi kilichokaa juani kikageuka kijani. Kwenye nyanya iliyoiva ni kiasi cha kuchekesha. Wapo watu wanasema wakila wanaumwa, wakiacha wanapata nafuu. Sawa, kila mwili una tabia yake, mtu ajaribu kuacha kwa muda aone. Lakini ushahidi kwamba nyanya inaharibu magoti ya watu, huo hakuna.

— Umemaliza? akauliza Gora.

— Nimemaliza, Tonton.

— Ushahidi ni huu hapa. Akapiga goti. Nikiwa kwa Astou nakula wali mweupe, samaki, bamia, ndimu, goti linalala kama mtoto. Ikifika zamu ya Coumba, wali mwekundu, goti linaamka kabla chakula hakijaiva.

— Kabla hakijaiva?

— Harufu tu inatosha.

— Basi mgonjwa ni pua, akasema Talla. Nyinyi akina Diop kila kiungo chenu kimefungwa kwenye sufuria.

Talla ni Ndiaye, Gora ni Diop, na hao wawili wanaruhusiwa kutukanana tangu enzi za mababu, hasa kuhusu wali, na hakuna anayekasirika.

— Nyamaza, Ndiaye. Babu yako aliuza jembe ili anunue ukoko.

— Na babu yako akauiba ule ukoko, jembe likabaki halina kazi kama huyu Masta.

Wakacheka. Mimi sikucheka. Siku za zamu ya Yaay Coumba, bakuli hushuka kutoka ghorofani, huletwa na mpwa wake Mbissine, huwekwa hapa katikati ya mataruma, nasi tunakula pamoja na mwenye nyumba. Ni wali mwekundu wa samaki, mzito, unaoacha mafuta kwenye vidole mpaka jioni. Nyumbani kwa dada yangu naangaliwa mkono kila nikichota. Hapa siangaliwi. Gora akihamia chini moja kwa moja, bakuli nalo linakoma, maana hakuna mke wa mtu atakayewapikia wanaume wa kijiweni ilhali mumewe hayumo. Astou yeye hajawahi kututumia hata kijiko. Kwa hiyo siku ile niliitetea nyanya kama wakili anayelipwa kwa chakula, na ndivyo nilivyokuwa.

— Sikilizeni, akasema Redio. Docta anasema tatizo kubwa ni mbegu.

— Mbegu zinafanya nini?

— Hazisagiki. Zinapita na damu mpaka kwenye kiungo. Pale pana maji, pana joto. Wewe ungekuwa mbegu ungefanya nini? Unaota. Mkisikia goti la mtu linalia ka, ka, akiinuka, ni mbegu inapasuka.

— Ablaye amesema hivyo hewani?

— Hiyo ya mwisho nimeongeza mimi. Lakini si inaeleweka?

— Inaeleweka sana, akasema Gora. Halafu tazameni historia. Mababu zetu waliogoma kwenye reli hii walikuwa na magoti gani? Ya chuma. Walitembea. Wazungu wakakaa chini wakafikiri, hawa tutawafanyaje? Wakaleta nyanya ya kopo. Wakaigawa kwenye posho. Kizazi kilichofuata kikagoma kimekaa.

— Waaw, ndiyo, akasema Talla, na ndivyo tulivyokaa sasa hivi.

— Kopo ndilo baya, akasema Redio. Bati linayeyuka, linaingia kwenye mfupa, mfupa unapata kutu. Na hii kahawa yako, Talla, mimi naitilia shaka pia. Hiki kiungo unachosaga humu ni ndugu yake pilipili.

Talla akaondoa birika pale katikati.

— Rudia.

— Nasema tu.

— Rudia, halafu ukatafute kahawa kwa Docta.

— Si ndugu yake, nikasema haraka, maana kikombe changu kilikuwa bado kitupu. Hiki kinatoka kwenye mti mkubwa wa porini, ukoo mwingine kabisa, hata pilipili hakiijui.

Birika likarudi. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo masta yangu imenifanyia mwaka huu.

Bira alikuwa anaizungusha kahawa yake, mtu mzima mwenye mabega ya mlango. Mkewe alifariki, wanawe wako Hispania, na bakuli lile la Yaay Coumba, nadhani, kwake lilikuwa zaidi ya wali. Akaweka kikombe chini.

— Mimi nyanya chungu nimezila tangu niko kijijini Fandène sijaota ndevu, akasema. Nimezila kabla ya pigano, nimezila baada ya pigano. Tazama.

Akasimama, akachuchumaa mpaka makalio yakakaribia mchanga, akainuka bila kushika kitu. Akafanya tena. Hakuna ka wala ku.

Uso wa Gora ukabadilika. Nimeuona wivu mwingi maishani, mwingi wake kwenye kioo, lakini ule ulikuwa na meno.

— Kaa chini, Bira. Nani amekuomba maonyesho?

— Naonyesha tu.

— Umezoea kuonyesha.

— Tonton, akasema Redio kwa upole, na Redio akisema kwa upole ujue anakwenda kuharibu. Lakini Jumapili nilikuona umebeba mtungi wa gesi begani. Kutoka duka la yule Mmauritania mpaka mlangoni kwa Astou. Ulikuwa unakwenda kama kijana.

— Ulikuwa mtupu ule mtungi.

— Ulikuwa unatoka dukani.

— Ilikuwa siku ya wali mweupe, akafoka Gora. Si nimesema? Siku ya wali mweupe goti linalala. Mnasikiliza au mnakunywa tu?

— Tunasikiliza.

— Basi sikilizeni na hili. Kuna watu hapa wanaletewa nyanya chungu nzima, haijavunjwa, inameta mafuta, kila zamu. Atakosaje magoti mtu kama huyo?

Alikuwa anamtazama Bira.

— Gora, akasema Bira, mimi nakula kilicho mbele yangu. Ndivyo tulivyolelewa sote.

— Na nani anakiweka mbele yako? Bakuli lina ua jekundu ukingoni. Mnalijua lile ua. Nyanya chungu inakaa penye ua. Na ua kila siku, kila siku, linakuangalia wewe.

— Anayeweka bakuli ni Mbissine.

— Anayemtuma Mbissine ni nani?

Hapo nikaelewa tulikokuwa tunakwenda. Wazee wa mtaa huu wanajua kwamba Bira alipokuwa anapigana, wasichana waliimba uwanjani kumpandisha ari, na sauti iliyosikika juu ya zote ilikuwa ya Coumba. Baadaye Gora akaja na sare yake ya reli, akaoa. Kumbe wimbo ule ulikuwa haujaisha masikioni mwake. Mtu ana wake wawili, ana pensheni, ana nyumba ya ghorofa, na anamwonea wivu mjane mwenye kikombe cha kahawa kwa sababu ya nyanya chungu moja. Mimi nisiye na kitu nilihisi kutukanwa.

— Ngoja kwanza, Tonton, nikasema. Bakuli likiwekwa, kila mtu anakula mbele yake. Ndiyo au siyo?

— Ndiyo.

— Nyanya chungu iko mbele ya Bira. Anaila Bira. Wewe mara ya mwisho umeonja lini?

Akahesabu kwa vidole.

— Kabla ya Tabaski, Idi ya kuchinja.

— Basi imefikaje gotini kwako?

Gora akanitazama kama mtu anayetafuta kitu cha kunitupia.

— Kwa macho, akasema.

Talla alicheka mpaka akamwaga sukari. Redio akasema kwamba jambo hilo linawezekana, kwamba sumu nyingine hupita machoni, atamuuliza Docta. Na katika kelele ile hatukuona mtu akivuka barabara.

Alikuwa Yaay Coumba mwenyewe. Bakuli kichwani, kitambaa juu ya bakuli. Nilikuwa sijawahi kumwona kijiweni. Wanawake hupita hapa, hawasimami. Talla akavuta stuli, Redio akakusanya vikombe, Bira akatazama mchanga. Yaay Coumba akaweka bakuli katikati, akafunua. Mvuke ukapanda, na mimi nikasogea karibu. Wali mwekundu, samaki, kabichi, bilinganya, kipande cha muhogo, na penye ua, upande wa ukutani, nyanya chungu moja nzima.

Akatutazama tulivyokaa.

— Kumbe, akasema. Kutoka juu macho yangu hayawatambui. Kumbe siku hizi unakaa huku, Gora.

— Jua, akasema Gora. Upande ule jua linanipiga usoni.

— Upande wa ukutani?

Sisi wengine ndio tulikuwa tumekaa kivulini upande wa ukutani. Kisogo cha Gora kilikuwa kinang'aa jasho.

— Tangu tumejenga nyumba ile, mume wangu anakaa taruma la ukutani, akasema, hatukujua anamwambia nani. Nikijaza bakuli namwambia Mbissine, ua liangalie ukutani, baba yako anakaa pale, na nyanya chungu asiivunje, baba yako anaipenda nzima. Kumbe nimekuwa namlisha Bira.

— Mimi sikujua, Coumba, akasema Bira.

— Ilikuwa tamu?

— Ilikuwa tamu.

— Basi sijapata hasara.

Akatengeneza kilemba. Nami nikakumbuka, kwa kuchelewa kama kawaida ya wasomi. Gora alihama taruma miezi ileile goti lilipoanza. Kutoka ukutani unaiona ngazi. Ukikaa ukutani, mtu akisimama juu akikungoja, unamwona. Tangu miezi ile, zamu ya juu ikifika, Gora hula hapa bakuli likishushwa, na usiku anajinyoosha kwenye kochi la sebule ya chini, akisema goti, goti. Sisi tulikuwa tunaushangilia wali.

— Nimesikia maneno yenu, akasema Yaay Coumba. Sauti zenu zinapanda ghorofani bila kulalamika goti. Sawa. Kesho wali mweupe. Nyanya siweki. Ya kopo siweki. Nyanya chungu, bilinganya, pilipili, kiazi, naacha. Mbaye akileta jina lingine kutoka redioni, nalo naacha.

Redio akatikisa kichwa kukana.

— Nauliza kitu kimoja tu, Gora. Nikiviacha vyote hivyo, utapanda?

Alimwuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei ya samaki.

Gora akageuza macho. Akatazama bakora. Akamtazama Redio, na Redio ndiye mtu ambaye hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe, ila Docta Ablaye Sarr alikuwa hajafanya kipindi kuhusu ngazi. Akanitazama mimi. Mimi nilikuwa na solanini, nilikuwa na miaka sita ya chuo kikuu, na humo hamkuwa na kitu chochote cha kumpa. Talla akainua birika ili ajipe shughuli, akaliinamisha juu ya kikombe cha Gora. Halikutoa kitu.

Yaay Coumba akainama, akalishika bakuli kwa mikono miwili, akaligeuza mpaka ua jekundu likamwangalia mumewe. Akachukua kitambaa chake, akavuka barabara.

Sisi wa ukutani tulimwona anaanza kupanda. Alipofika katikati ya ngazi akasimama. Akashika ukuta kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akashika goti lake la kushoto, akalikanda, akavuta pumzi. Akapanda ngazi moja, akasimama tena. Bakuli lile alilolishusha leo kichwani mwenyewe ni zito, mimi nalijua, nimewahi kulibeba likiwa tupu.

Hatukuwahi kuuliza. Kijiwe kizima, miezi yote hiyo, magoti ya Gora, magoti ya Bira, magoti ya mababu waliogoma, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza.

Wali ulikuwa unapoa. Hakuna aliyeosha mikono. Nilikuwa na njaa ya kweli na sikuthubutu.

— Gora, akasema Bira polepole. Geuka.

Gora hakugeuka. Alikuwa anaitazama nyanya chungu iliyokuwa mbele yake, nzima, haijavunjwa, na nyuma ya mgongo wake mlango wa juu ukafungwa.